Jina Lililosaka Moto

Kazi yangu ni kuandika majina ya watoto wa watu. Mzazi analeta karatasi yake ya hospitali, ananitajia jina, mimi naandika. Tangu nianze kukaa kwenye kiti hiki hapa Kilwa Masoko nimeandika majina ya kila namna: ya mitume, ya wacheza mpira, ya siku za juma, ya shida alizopata mama akiwa mjamzito. Sijawahi kumcheka mzazi hata mmoja. Wenzangu hucheka mtu akishatoka, wakiniona nimenuna wanasema huyu mama ana kisirani. Kisirani ninacho, sikatai, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu.

Mwezi uliopita aliingia ofisini binti wa Kijapani, mwalimu wa kujitolea anayefundisha hesabu, akitaka barua yake igongwe mhuri. Aliniamkia shikamoo kwa adabu kuliko watoto wetu wengi, nikamwitikia marahaba, akanisogezea karatasi. Nikasoma jina lake. Nikalisoma tena. Herufi zilikuwa zilezile zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mdogo wangu, na kadi ile iliteketea nikiwa na miaka tisa. Sakamoto. Umri wote huu sikuwahi kufikiri kwamba duniani wamo watu wanaoamka, wanaoga na kwenda kazini wakiitwa hivyo, na hakuna linalowapata.

"Mwanangu, hili jina lako lina maana gani?" nilimuuliza.

"Si langu peke yangu, mama. Ni la ukoo," alinijibu. Kiswahili anakijua, ila anakwenda nacho polepole, anachagua pa kukanyaga.

Akaomba kipande cha karatasi, akachora alama mbili. Ya kwanza inasomwa saka, alisema, na ni mteremko wa kilima. Ya pili inasomwa moto, nayo ni mti uliotiwa kistari kimoja chini, penye shina, na imo pia katika jina la nchi yao. Ukiziweka pamoja unapata mahali mteremko unapoishia, na watu wa hapo. Akanieleza kwamba zamani kwao wakulima na wavuvi wengi hawakuwa wakijitaja kwa majina ya ukoo, mpaka serikali ilipoamuru kila nyumba iwe na lake. Wengi, inasemekana, walitazama tu pale walipo: mwenye mto akajiita mto, mwenye jaruba la mpunga akajiita jaruba. Babu zake yeye inaelekea walikuwa na kilima nyuma ya nyumba.

"Kwa hiyo si moto huu wa kuwaka?"

"Hapana, mama!" Alicheka huku ameziba mdomo. "Moto huo kwetu unaitwa *hi*. Moto wetu ni shina. Ni mwanzo wa kitu."

Nikamgongea mhuri wake, nikamuaga vizuri. Kisha nikamwambia mwenzangu anishikie kazi, nikaenda kukaa nyuma ya jengo kwenye kivuli cha tangi la maji, nikalia mpaka kanga ikalowa.

Baba yangu alikuwa dereva wa mradi wa visima, na mkubwa wake alikuwa Mjapani mwembamba, mpole, ambaye kijijini kwetu tulimwona mara chache. Mama aliposhikwa na uchungu wa mdogo wangu, uchungu ukamkalia siku mbili. Yule Mjapani alishuka mwenyewe garini, akayashusha mabomba yaliyokuwa nyuma kwa mikono yake, Mama akalazwa humo, Baba akaendesha mpaka hospitali. Mama na mtoto wakatoka salama. Baba akaapa kwamba mtoto atakuwa somo wa mtu yule. Akamuuliza jina, naye akajibu wanavyojibu kwao, akataja la ukoo. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa nyumbani: Baba alimpenda mtu, akachukua jina lake kama lilivyo, hakuuliza zaidi.

Bibi mzaa mama ndiye wa kwanza kulikata vipande viwili. Tulikaa naye, na upande wake mmoja ulikuwa umepooza tangu sijaanza shule, kwa hiyo maisha yake yalikuwa kitandani, kwenye chumba cha nyuma. Alipopakatishwa mtoto alisema, "Saka moto! Haya mume wangu, uzee huu una baridi, nisakie moto niote." Bibi na mjukuu ni watani, hakuna aliyeona vibaya. Tulicheka wote, na tangu hapo tukamwita Saka.

Mimi niliamini jina ni amri. Nilidhani Wajapani ni Waswahili waliopotelea mbali, ambao huko waliko huitana kwa kuamrishana tu: Saka Moto, Leta Maji, Funga Mlango. Nilimwonea huruma yule mkubwa wa Baba, mtu mzima na elimu yake, kutumwa moto kila anapoitwa. Nilipowaeleza wenzangu shuleni walikubali, na tukawa tunacheza Kijapani uani, mmoja anaamuru, mwingine anakimbia.

Siku ile Mama alikwenda kuvuna ufuta. Baba alikuwa kazini. Niliachiwa mambo mawili: nisiuache moto uzimike mafigani, na mchana nimpikie Bibi uji. Nilikuwa na miaka tisa, Saka mitano. Nilikaa kwenye baraza ya nyumba ya tatu na wenzangu, tunacheza mdako, na siku hiyo mkono wangu ulikuwa na bahati. Nilipokumbuka jiko, jivu lilikuwa limeshapoa. Kiberiti hakikuwepo. Miaka ile moto ukikuzimikia ulikwenda kupalia kwa jirani, ukapewa makaa mawili matatu ndani ya kifuu cha nazi, ukarudi nayo taratibu umeyakinga na upepo. Ni kazi ya mtu mwenye akili zake. Hakuna aliyekuwa akimtuma mtoto mdogo moto.

Mimi nilimtuma. Alikuwa kachuchumaa hapohapo pembeni yangu, anatazama mchezo.

"Wewe jina lako nani?" nilimuuliza.

"Sakamoto."

"Basi kasake. Kachukue kifuu, uende kwa Bi Somoe, ulete kaa la Bibi."

Wenzangu wakacheka, na yeye akacheka. Alifurahi, maana hakuna aliyewahi kumpa kazi ya maana. Aliondoka mbio na kifuu amekivaa kichwani kama kofia, na mimi nikarudi kwenye mdako.

Yaliyofuata nimeyaunga baadaye. Bi Somoe alikuwa kwenye mswala anasali adhuhuri. Mtoto akaingia jikoni kwake, akachota mwenyewe, akatoka, hakuna aliyemwona. Akarudi mbio vilevile alivyokwenda, na kusi lilikuwa linavuma, kaa likachochewa, kifuu nacho kikashika, kikamuunguza vidole. Alikuwa amefika nyuma ya nyumba, upande wa chumba cha Bibi, kwa sababu alitaka kumwonyesha yeye kwanza. Akakitupa. Kikaangukia chini ya ua wa makuti, na ua wetu ulikuwa umelala mpaka ukagusa paa.

Nilisikia kabla ya kuona. Makuti yakiwaka yana sauti ya mvua kubwa inayokuja. Tuliacha kete, tukatazamana, mmoja wetu akasema mvua hiyo, nikamkumbuka Mama na ufuta wake shambani. Tulipoinua macho mbingu ilikuwa nyeupe haina wingu.

Nilipofika paa lote lilikuwa limeshika. Wanaume walikuwa pwani na mashambani. Wanawake walimwaga ndoo walizokuwa nazo, kisha wakabaki na ndoo tupu mikononi, na joto likawasukuma nyuma hatua kwa hatua. Bibi alikuwa anaita. Hakupiga kelele. Alikuwa anatuita kwa majina, mmoja mmoja, kama alivyotuita siku zote akitaka kugeuzwa ubavu. Alimwita Mama. Akaniita mimi. Akaita, "Mume wangu." Halafu paa likaingia ndani.

Watu wakaanza kuulizana nani kaleta moto. Saka alikuwa kasimama peke yake, vidole kavitia mdomoni, anavinyonya. Akavitoa, akasema wazi, kila mtu akasikia: "Mimi. Nimesaka moto."

Hakuwa anaungama. Alikuwa anatoa jibu la kazi aliyotumwa, kwamba ameifanya. Lakini watu walisikia jina likizungumza, na niliona wanawake wawili wakirudi nyuma kumwacha.

Kabla Mama hajafika nilimvuta mkono mpaka nyuma ya choo. Nikamwambia: "Ukisema mimi nilikutuma, Bibi hatarudi. Ukinyamaza atarudi." Nayaandika kama nilivyoyasema, bila kuyapaka sukari. Aliniuliza atarudi lini. Nikamwambia Ijumaa.

Alinyamaza. Ijumaa ikafika, akakaa kwenye jiwe la njiapanda, vidole vimefungwa kitambaa, anatazama kila anayekuja. Ijumaa iliyofuata akakaa tena. Mtu akimuuliza unamngoja nani, hamjibu, maana nilimkataza. Mimi nilipita pale nimebeba maji, nikageuza uso.

Mazishi ya Bibi sitayaeleza sana. Hakuwa wa kuoshwa kwa maji, walimtayamamia kwa udongo. Mmoja wa waliotoka chumbani walimokuwa wamemweka, shangazi yake Baba, hakula nyama mpaka alipokufa. Lakini la watani lazima niliseme. Kwetu msiba hauendi bila watani, wanakuja kuwachekesha wafiwa wasife na wao, na neno la mtani haliwekwi moyoni. Alikuja mtani wetu mmoja, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Alisimama katikati ya ua uliobaki majivu, mikono kiunoni.

"Nyie watu mna wazimu!" alisema. "Mtoto mmemwita Saka Moto, mlitaka awaletee barafu?"

Watu walicheka. Hata Mama alicheka, machozi yakimtoka. Neno lile lilipaswa kuishia pale. Wakati wa kula ubwabwa nilisikia watu wakiliuliza tena kwa sauti ndogo, na mara hii hakuna aliyecheka. Ilipofika siku ya tatu, kwa kisomo, lilikuwa limeshakuwa habari yenyewe: kijana wa watu amepewa jina la kigeni, jina limefanya kazi yake. Yule mtani aliposikia alikuja kulia, akasema yeye alitania tu. Hakuna aliyemsikiliza.

Siku zile za matanga Baba hakuwa na maneno na mtu. Alimbeba Saka mgongoni kila asubuhi, wakatembea wawili tu mpaka pwani na kurudi. Nilikuwa nawachungulia, roho iko juu juu, nikitazama kama midomo ya mtoto inacheza.

Baada ya arobaini wajomba waliita kikao. Kwetu mtoto ni wa wajomba kuliko wa baba, na mkubwa wao, Mjomba Chande, ndiye aliyesema. Alikuwepo na Maalim wa chuo chetu cha Kurani. Mimi nilikuwa nje, mgongo umegusa ukuta wa udongo, nasikia kila neno.

"Shemeji," Mjomba Chande alisema, "jina ulilomletea mtoto wetu lina maana gani?"

"Jina halichomi nyumba," Maalim akaingilia. "Nyumba huchomwa na mkono. Tuambie maana yake, ndugu yangu. Tukilijua tulitoe jina katika shauri hili, tuulizane mengine."

"Sijui, Maalim."

"Hukumuuliza mwenyewe?"

"Sikumuuliza."

"Umempa mtoto jina usilolijua?" Maalim alisema kwa masikitiko. Hakuwa mtu mkali. "Mtoto ana haki ya jina jema, bwana."

Baba akasema amekosa. Alilisema mara moja tu, na kikao kizima kikamwangukia. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kwa ujinga wake, kwa kukaa pale kama mtoto asiyejua somo, wakati yule Mjapani alikuwa karibu naye miaka na miaka. Na papo hapo nilikuwa napumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu moto, kwa sababu hakuna aliyeuliza mengine.

Mtoto akabadilishwa jina, akaitwa Salumu. Uji ukapikwa, dua ikasomwa, tukaambiwa jina la zamani lisitajwe. Lakini hofu haikuondoka na jina. Mama alimnyang'anya hata kijiti alichokuwa akichorea mchanga karibu na jiko. Majirani waliwaita watoto wao ndani akipita. Mwisho Mjomba Chande akadai talaka ya dada yake, Baba akaiandika, na jambo ambalo halijapata kutokea kwetu likatokea: wajomba wakamtoa mtoto wao wenyewe, wakamwambia baba yake amchukue. Baba akaacha kazi, wakaenda kukaa Mingoyo. Asubuhi ya kuondoka aliniita, akanishika kichwa. "Kaa karibu na mama yako," aliniambia. Saka alikuwa kwenye baiskeli, mbele, anatazama njia ya jiwe lake. Ilikuwa siku ya Ijumaa.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema nilipovunja ungo, nilipoolewa, nilipozaa. Kila umri ulikuja na sababu yake ya kunyamaza, na zote zilikuwa sababu nzuri. Baba alifia Mingoyo. Mama hakwenda kumzika. Mama naye aliondoka mwaka juzi akiamini mpaka pumzi ya mwisho kwamba mume wake alileta moto nyumbani kwao ndani ya jina. Salumu alikuja kuzika. Alisimama nyuma kabisa, mtu mzima wa mvi, fundi wa pikipiki anayeheshimika huko kwake, na kizee mmoja wa kijijini akamvuta mjukuu wake kanga ili asimkaribie. Niliona. Nikageuza uso, kama nilivyozoea.

Ndiyo maana siku ya pili baada ya yule binti wa Kijapani niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Mingoyo. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia mdogo wangu. Moja lilikuwa jepesi, maana ya jina lake. La pili ndilo hili nililoliandika hapa, na sikujua kama yeye bado analikumbuka. Njia nzima nilikuwa nayapanga, nikaamua nianze na jepesi, limlainishe, la pili lipite nyuma yake.

Nilimkuta kibandani kwake njiapanda, kainamia injini. "Karibu dada," alisema, "kwema huko?" Akampisha mteja, akanipangusia benchi, akamtuma mtu chai. Sikungoja chai. Nikamweleza yote: saka ni mteremko, moto ni shina, watu wa chini ya kilima, hakuna moto wa kuwaka ndani yake hata cheche. Nilizungumza haraka haraka, nafikiri nilikuwa natabasamu. Nilitegemea alie, au acheke, au aniombe nirudie.

Alikuwa anafuta mafuta vidoleni kwa kitambaa. Alimaliza mkono mmoja, akahamia wa pili.

"Najua, dada."

"Unajua?"

"Baba aliniambia nikiwa mdogo. Yule Mjapani alimweleza siku ileile alipomwomba jina. Alimchorea na kilima mchangani."

Nikamwambia haiwezekani. Nilikuwepo nje ya ukuta, nilimsikia kwa masikio yangu, ameulizwa na Mjomba Chande, ameulizwa na Maalim, akasema hajui. Mtu gani atasema hajui, nyumba yake inavunjika, mwanawe anakimbiwa kama kichaa, na neno la kuyazuia yote hayo analo mdomoni?

Salumu alikiweka kitambaa chini. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo.

"Dada," alisema, "kama angesema anajua, halafu wangeulizana nini?"

Nilikuwa bado sijamwambia kwamba mimi ndiye niliyemtuma.